Fimbo Iliyokatwa kwa Msumeno

Baba mdogo alikuwa kedi. Kwa asiyejua, kedi ni yule anayebeba mfuko wa fimbo za mchezaji wa gofu, anayeutafuta mpira ukipotelea vichakani, anayenong'ona "hapa chukua namba tano, mzee, upepo unatoka mbele", halafu mzee akikosea, lawama ni za kedi. Aliianza kazi hiyo mapema miaka ya 1970, akiwa kijana ambaye ndevu hazijamtoka, katika klabu moja nje kidogo ya Nairobi. Aliiacha akiwa na mvi.

Siku moja mwanachama mmoja alikasirikia mpigo wake mbovu, akaipiga fimbo yake kwenye shina la mti. Mpini ukapinda juu, karibu na pale pa kushikia. Fimbo ikatupwa. Baba mdogo akaiokota, akaikata sehemu iliyopinda kwa msumeno wa chuma, akazungushia tyubu ya baiskeli mahali pa mshiko, akaniletea. Nilikuwa na miaka saba. "Hii ni saizi yako," alisema, na kweli ilikuwa. Kwa miaka miwili nilimiliki fimbo moja ya gofu iliyonifaa kuliko fimbo yoyote niliyowahi kushika baadaye. Halafu nikarefuka.

Mwaka jana nikaamua kuujifunza mchezo wenyewe, na kama mtu yeyote wa mshahara wangu, nikaanzia kwenye mitumba. Bwana mmoja aliniuzia seti nzima ndani ya mfuko mzuri, akaapa kwamba ni fimbo za kiwango cha wachezaji wa kulipwa. Hapo hakunidanganya. Zilikuwa za kiwango hicho, na tatizo lilikuwa hilohilo: mipini migumu kama nondo, vichwa vyembamba kama visu. Nilipopiga, mpira ulitambaa chinichini na kukimbilia kulia, na viganja vikaniwaka moto. Nikadhani ni mimi. Nikalipa masomo. Nikanunua glavu. Mwishowe nikampeleka baba mdogo uwanja wa mazoezi anitazame. Alitazama mipigo mitano tu, akaomba fimbo, akaipima mkononi.

"Hizi ni za mtu mwingine," alisema. "Wewe unazitumikia tu."

Kauli hiyo haikunitoka kichwani. Mimi ni mtu wa vitabu, nikikwama, nasoma. Nikataka kujua ni lini hasa binadamu alianza kuingia dukani na kuuliza, "Fimbo ipi inanifaa?" Maana ukifikiria vizuri, swali hilo lina sharti lake: lazima fimbo ziwe zimeshatengenezwa kabla hujafika, na aliyezitengeneza awe hakujui. Kwa sehemu kubwa ya historia ya mchezo huu, mambo hayakuwa hivyo.

Kumbukumbu ya mapema inayojulikana ya mtu kununua fimbo za gofu ni mstari mmoja katika daftari la matumizi ya mfalme. Septemba 1502, James IV wa Scotland alilipa shilingi kumi na nne kwa fimbo zilizotengenezwa na fundi wa mji wa Perth. Fundi huyo kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza pinde. Hapa historia inacheka kidogo, kwa sababu mwaka 1457 babu yake mfalme huyo, James II, alikuwa amepiga marufuku gofu pamoja na kandanda, ili vijana waache michezo wakajifunze upinde wa vita. Marufuku ikarudiwa mwaka 1471, ikarudiwa tena 1491 chini ya James IV mwenyewe. Miaka kumi na moja baadaye, mfalme yuleyule anaenda kununua fimbo kwa fundi wa pinde! Sheria ilitaka upinde uishinde gofu. Fundi wa upinde akaona biashara mpya.

Lakini tuache kicheko. Kwa nini fundi wa pinde? Kwa sababu alikuwa mtu anayejua mti upi unapinda na kurudi bila kuvunjika, na alizoea kutengeneza kitu kinachopimwa kwa mwili wa mwenye kukitumia. Upinde wa mtu mzima mwenye nguvu humshinda kijana kuuvuta. Upinde wa kijana haumsaidii mtu mzima. Fundi wa namna hiyo alimwangalia mteja kwanza, mti baadaye. Na si Perth tu. Mwaka 1603, James VI alipomteua mtengenezaji rasmi wa fimbo zake, aliyepata kazi ni William Mayne wa Edinburgh, naye pia fundi wa pinde.

Kutoka hapo ruka karne mbili, uende St Andrews, mji wa pwani ya mashariki ya Scotland. Mwaka 1819 chama cha wachezaji wa mji huo kilimteua seremala aitwaye Hugh Philp kuwa fundi wake. Wapenda gofu wakamtaja kama wapenda muziki wanavyomtaja Stradivari. Fimbo zake za mbao zilikuwa na vichwa virefu, vyembamba, vilivyochongwa kwa miti ya matunda kama mtofaa na mpea, au mti wa miiba. Nyuma ya kichwa alitoboa na kumimina risasi ili kuongeza uzito. Chini, kwenye ukingo, alipachika kipande cha pembe ya kondoo ili kichwa kisiliwe na ardhi. Mpini uliunganishwa na kichwa kwa mkato wa mshazari, ukabandikwa gundi na kuviringishwa uzi wenye lami. Hakuna fimbo yake iliyofanana kabisa na nyingine. Baada ya kifo chake mwaka 1856, fimbo zake zilitafutwa mno hata wajanja wakaanza kutengeneza za bandia na kuzipiga mhuri wa jina lake. Ukitaka kujua kama fundi ni mkubwa, angalia kama ana wezi.

Kwa nini mbao na si chuma? Swali hilo nilidhani jibu lake ni ushamba wa zama zile. Kumbe jibu liko kwenye mpira. Mpira wa siku hizo ulikuwa kifuko cha ngozi kilichoshindiliwa manyoya ya ndege yaliyochemshwa. Fundi hodari alitengeneza mitatu au minne kwa siku, basi. Kwa hiyo mpira mmoja uliweza kuwa ghali kuliko fimbo inayoupiga. Kipande cha chuma kingeupasua, na mtu mwenye akili timamu hachani hela yake. Fimbo za chuma zilikuwepo, moja au mbili mfukoni, kwa ajili ya kuuchopoa mpira ulioingia kwenye mkondo wa gurudumu la mkokoteni au kwenye mawe. Kwa maneno mengine, mkulima aliyefuga bata ndiye aliyeamua mwanamichezo abebe fimbo gani.

Halafu mwaka 1848 ukaja mpira mpya, na ulitoka mbali: gutapacha, utomvu wa miti ya misitu ya Malaya. Ukiuweka kwenye maji ya moto unalainika kama ugali, unaufinyanga, ukipoa unakuwa mgumu. Utomvu huohuo ndio uliotumika kuzibia nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari. Himaya ilizunguka dunia kukusanya vitu vya kuwasiliana na kutawala, na kilichobaki wakachezea. Mpira wa gutapacha ulikuwa wa bei rahisi, ukipasuka unauyeyusha na kuufinyanga upya. Allan Robertson, fundi mkubwa wa mipira ya manyoya pale St Andrews, aliuchukia kama mtu anavyouchukia msiba wake. Husimuliwa kwamba alimkuta msaidizi wake, Tom Morris, akicheza na mpira huo, wakakosana na kuachana kazi. Morris alihamia Prestwick mwaka 1851, na baadaye jina lake likawa kubwa kuliko la bosi wake.

Mpira mgumu ulivunja vile vichwa vyembamba vya akina Philp. Vikafupishwa, vikanenepeshwa, vikavalishwa ngozi usoni. Na kwa kuwa sasa hakuna cha kupasuka, mhunzi akaingia kwenye biashara. Fimbo za chuma zikazaana: cleek, mashie, niblick na ndugu zao. Majina matamu hayo! Nayapenda kama mtu anavyopenda majina ya majahazi. Kila jina lilikuwa kazi: hii ya kwenda mbali, hii ya kupaa, hii ya kuchimba. Mpini nao ukabadilika. Robert Forgan, mpwa wa Philp aliyerithi karakana, alikuwa miongoni mwa walioanza kutumia hikori, mti wa Marekani, badala ya mti wa ash wa kwao. Hikori ni imara na ina uhai, lakini ina tabia moja: mbali na kupinda, hujisokota. Na hakuna mipini miwili ya hikori inayojisokota sawasawa. Mmoja hivi, mwingine vile.

Kwa hiyo mchezaji wa mwisho wa karne ya 19 alikuwa na kazi ambayo sisi hatuijui. Alikusanya fimbo moja moja kwa miaka, kama mtu anavyokusanya marafiki. Anaingia kwa fundi, anashika mipini kumi, anaitikisa hewani, anaacha tisa.

Wa mwisho mkubwa katika hao alikuwa Bobby Jones, mwanasheria wa Atlanta ambaye hakucheza kwa malipo, na ambaye mwaka 1930 alishinda mashindano yote manne makubwa ya zama zake kwa mwaka mmoja, kwa mipini ya hikori. Vyuma vyake vingi vilifuliwa na Tom Stewart wa St Andrews, mhunzi aliyeweka alama ya kiko cha tumbaku kwenye kazi yake. Fimbo ya kusukumia mpira shimoni, ambayo wachezaji huiita puta, Jones aliiita Calamity Jane. Na draiva yake, iliyotengenezwa na Jack White, bingwa wa Open wa mwaka 1904, iliitwa Jeannie Deans, jina la msichana katika riwaya ya Walter Scott, yule anayetembea kwa miguu kwenda London kumwombea dada yake msamaha. Wasomaji wa ukurasa huu watanielewa nikisema kwamba hapo Jones alinikamata kabisa. Mtu anayeipa fimbo jina la mhusika wa riwaya hajainunua tu. Ameichagua.

Kuna hadithi isiyokufa kuhusu seti hiyo ya Jones. Inasimuliwa kwamba miaka mingi baadaye fimbo zake zilipimwa kwa vifaa vya kisasa, ikaonekana kwamba alizozikusanya kwa mkono na sikio tu zinalingana kwa namna ya kushangaza, isipokuwa moja. Na Jones, eti, akasema kwamba hiyo moja ndiyo iliyomsumbua maisha yake yote. Siweki mkono kwenye msahafu kwamba ilikuwa hivyo. Lakini naelewa kwa nini wachezaji wanaipenda: inasema mwili unajua kabla ya mashine.

Mlango wa dunia hiyo ulifungwa na chuma cha pua. Marekani iliruhusu mipini yake mwaka 1924. St Andrews, ambayo haina haraka na jambo lolote, ikaruhusu mwaka 1929. Mwaka 1931 Billy Burke akawa wa kwanza kushinda US Open kwa mipini hiyo. Mpini wa chuma haujisokoti ovyo, na, hili ndilo la muhimu, mpini wa leo unafanana na wa jana. Kiwanda kinaweza kutoa elfu moja, vyote ndugu. Mara moja fimbo ikaacha kuwa kitu cha peke yake ikawa sehemu ya seti. Mashie na niblick zikafutwa, zikapewa namba, moja hadi tisa, kama wafungwa. Kampuni ya Spalding ikamchukua Jones mwenyewe, aliyekuwa amestaafu, ikatoa seti yenye jina lake mwaka 1932: mipini ya chuma iliyofunikwa rangi ya hikori ili wazee wasishtuke.

Na seti ikishakuwa bidhaa, hamu ya kuongeza haiishi. Mbona usiwe na namba mbili na nusu? Mbona usiwe na ya upepo na ya bila upepo? Lawson Little, bingwa wa ridhaa wa miaka ya 1930, anatajwa kubeba hadi fimbo thelathini na moja. Thelathini na moja! Aliyezibeba hakuwa Little. Marekani ikaweka kikomo cha fimbo kumi na nne kuanzia mwaka 1938, na St Andrews ikafuata 1939. Hoja ilikuwa kulinda ustadi: mchezaji ajue kupiga mipigo tofauti kwa fimbo moja, asinunue fimbo mpya kwa kila mpigo. Mimi, kwa sababu za kifamilia, nafikiria zaidi mabega yaliyopumua.

Hapa niseme neno kwa yeyote anayetaka kununua, maana nimelilipia. Namba iliyoandikwa kwenye fimbo si kipimo. Kinachoupeleka mpira juu au mbele ni mwinamo wa uso wa fimbo, na mwinamo huo unapimwa kwa nyuzi. Namba saba ya miaka ya 1970 ilikuwa na nyuzi kama thelathini na nane. Namba saba nyingi zinazouzwa leo kwa wachezaji wa kawaida zina nyuzi thelathini au pungufu. Maana yake, saba ya leo ni kama tano ya enzi za baba mdogo, imepigwa mhuri mwingine. Sehemu ya sababu ni ya haki: vichwa vya sasa vina uzito mkubwa chini, mpira hupaa hata kwa mwinamo mdogo. Sehemu nyingine ni biashara tu. Mteja akijaribu saba mpya, akaona mpira umeipita saba yake ya zamani kwa mita kumi na tano, mkono unaenda mfukoni wenyewe. Kwa hiyo ukichanganya fimbo za mitumba za miaka tofauti, uliza nyuzi, usiulize namba. Mimi nilikuwa na fimbo mbili zenye namba tofauti zinazopiga umbali uleule.

Mtu aliyenifanya niache kuichukia enzi ya kiwanda ni Karsten Solheim. Alizaliwa Bergen, Norwei, mwaka 1911, akalelewa Marekani, akawa mhandisi wa General Electric. Gofu aliianza akiwa na miaka 42, wenzake wa kazini walipomwalika, na shida yake ilikuwa ya watu wengi: kusukuma mpira shimoni kulimshinda. Mtu mwingine angejilaumu. Mhandisi akailaumu fimbo. Aliona kwamba ukigonga mpira nje kidogo ya kitovu cha kichwa, kichwa kinazunguka mkononi, na mpira unapotea njia. Akaupeleka uzito pembeni, kwenye ncha mbili za kichwa, katikati akapaacha pepesi. Wale waliokulia pwani watalijua jambo hili bila fizikia: mbebaji wa mzega, mwenye debe la maji huku na huku ya mti begani, ni vigumu kumzungusha ghafla. Uzito uliokaa mbali na kati hukataa kugeuzwa.

Puta yake ya kwanza, mwaka 1959, ilitoa mlio ilipogonga mpira: ping. Akaifanya jina la kampuni. Mwaka 1966 akatoa nyingine ambayo mke wake, Louise, alishauri iitwe "jibu" kwa Kiingereza, herufi moja iondolewe ili jina litoshe kwenye chuma: Anser. Hadi leo ukiingia duka lolote, nusu ya puta unazoziona ni wajukuu wa hiyo. Kisha akaupeleka ujanja uleule kwenye fimbo za chuma, akazichimba mgongoni, uzito ukakaa kandokando. Wajuzi wa sura walizicheka. Kweli si nzuri. Zinafanana na kifaa cha fundi bomba. Lakini zilimsamehe mchezaji mbovu, na wachezaji wabovu ndio wengi duniani.

Kilichonigusa zaidi kwa Solheim ni nukta za rangi. Alitambua kwamba mtu mrefu mwenye mikono mifupi na mtu mfupi mwenye mikono mirefu hawaishiki fimbo kwa pembe moja. Ukiegemeza fimbo chini, na ncha ya mbele ya kichwa ikainuka, mpira wa mpigaji wa mkono wa kulia utaenda kushoto. Ncha ikizama, utaenda kulia. Basi katika miaka ya 1970 kampuni yake ikawa na chati: unapima urefu wako, unapima umbali kutoka kiwiko cha kiganja hadi sakafuni, unapata rangi. Nyeusi ni ya kawaida, bluu imesimama zaidi, nyekundu imelala zaidi. Kiwanda kikarudi kumuuliza mteja swali la fundi wa pinde: wewe ni mwili gani?

Na si kila mtu alifurahia fimbo zinazomsaidia mtu. Mwaka 1904 Mmarekani Walter Travis alivuka bahari akashinda ubingwa wa ridhaa wa Uingereza kwa puta ya ajabu iitwayo Schenectady, ambayo mpini wake uliingia katikati ya kichwa badala ya mwishoni. Mwaka 1910 St Andrews wakapiga marufuku puta za namna hiyo, na marufuku ikadumu hadi miaka ya 1950. Kila mara mtu mnyonge anapopata kifaa kinachomfaa, mwenye nguvu hugundua kwamba mchezo umeharibika.

Hayo yote ni historia ya walioweza kuchagua. Iko nyingine, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Sewsunker Sewgolum, waliyemwita Papwa, alikuwa kedi wa Durban, Mwafrika Kusini mwenye asili ya India. Alijifunza bila mwalimu, na mikono yake ilishika fimbo kinyume: mkono wa kushoto chini, wa kulia juu, ingawa alipigia upande wa kulia. Mwalimu yeyote angemwambia aanze upya. Alishinda Dutch Open mwaka 1959, 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda Natal Open nyumbani kwake Durban, mvua ikinyesha, na akapokea kombe nje, huku wazungu wako ndani ya jengo la klabu ambamo sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia. Mwaka 1965 alishinda tena mashindano hayo, na aliyeachwa nyuma ni Gary Player. Baada ya hapo serikali ya makaburu ilimfungia milango. Ukimweka Papwa mbele ya mashine ya leo ya kupima, sijui ingeandika nini kwenye karatasi.

Severiano Ballesteros naye alikulia Pedreña, kaskazini mwa Hispania, karibu na uwanja ambao kwake ulikuwa mahali pa kubeba mifuko. Fimbo yake ya utotoni ilikuwa moja, chuma namba tatu, na uwanja wake ulikuwa ufuo wa bahari. Namba tatu ni fimbo ngumu, ina mwinamo mdogo, imetengenezwa kupeleka mpira mbali na chini. Yeye aliilazimisha kupaa, kukata, kusimamisha mpira, kutoka mchangani. Alikuja kushinda Open mara tatu na Masters mara mbili. Ila kabla ya yote hayo, mwaka 1978, alikuja Nairobi akashinda Kenya Open.

Baba mdogo alikuwepo, pembeni ya kamba, rika lake hasa. Nimemwuliza mara nyingi anakumbuka nini. Hakumbuki alama. Anakumbuka kwamba makedi waliacha kuangalia mpira wakawa wanaangalia mikono yake. "Tulimjua," huniambia. "Ule ni mkono wa mtu aliyejifunza na fimbo moja." Kwa siku za Jumatatu, makedi walipokubaliwa kucheza, wao pia walicheza hivyo: fimbo moja au mbili za kuokota, wanne wanapokezana, mrefu na mfupi, mnene na mwembamba. Fimbo haikuuliza mwili gani. Mwili ulijipanga.

Kwa hiyo kuna njia mbili, na sitaki kuzipamba ya pili kwa sababu ni ya watu wetu. Kwa kila Ballesteros mmoja, wapo makedi wangapi waliokuwa na mikono na hawakupata fimbo? Baba mdogo alikuwa mzuri. Watu wa pale wananiambia alikuwa mzuri sana. Aliwahi kujaribu kuwa mchezaji wa kulipwa, akiwa na seti aliyopewa kwa huruma, ndefu kwa mtu wa kimo chake, na mgongo wake ukaharibika kwa kuinama na kujikunja kuzifuata. Halizungumzii sana. Siku ile aliposema "wewe unazitumikia tu," nilijua baadaye kwamba hakuwa akinizungumzia mimi peke yangu.

Nilienda kupimwa. Dukani walinisimamisha mbele ya kioo na kamera, wakabandika karatasi kwenye uso wa fimbo kuonyesha mpira unagonga wapi, wakapima mwendo wa mkono wangu, ambao ni wa taratibu kuliko kiburi changu. Ndani ya saa moja kijana mpole akanipa karatasi: mpini laini, urefu wa kawaida, kichwa kilichosimama kidogo kuliko kawaida, vyuma vilivyochimbwa mgongoni, hakuna haja ya namba tatu wala nne. Kila kitu alichosema kilikuwa sahihi. Bei aliyosema ilikuwa ya pikipiki.

Nikaichukua karatasi, nikashukuru, nikampigia baba mdogo simu. Tulizunguka kwenye mitumba kwa Jumamosi tatu, yeye na utepe wa fundi cherehani, mimi na karatasi. Wauzaji walitutazama kama wakaguzi wa kodi. Tulipata fimbo tano, si kumi na nne: tano, saba na tisa za seti moja, weji ya mchangani, na puta yenye sura ya Anser iliyochubuka. Zote kwa pamoja hazikufika robo ya bei ya dukani.

Saba ilikuwa ndefu kwa nusu inchi hivi kuliko karatasi ilivyosema. Tulipofika kwake nikamwambia atoe ule msumeno.

Akakataa. "Ukikata mpini, unakuwa mgumu zaidi. Na kichwa kinakuwa chepesi mkononi," alisema, akiipima. "Shika chini kidogo."

Nikamkumbusha ile ya utotoni, yenye tyubu ya baiskeli.

"Ile ilikuwa mbaya," alisema. "Ulikuwa mdogo, hukujua."

Akanirudishia fimbo, akasogea nyuma hatua mbili, akanitazama nikipanga miguu.